Pasipoti iko kwa wakala, na bosi wangu hajui kitu

Asalaam aleikum Shangazi,

Nasoma majibu yako kila wiki na kumtumia dada yangu yale yanayomhusu. Leo nimekuja na la kwangu.

Nimezaliwa Bombo na bado naishi Bombo. Nimeolewa, nina binti wa miaka 4. Mume wangu ana duka la vifaa vya umeme Kikuubo, kwa hiyo siku nyingine hulala Kampala na siku nyingine hurudi. Mimi nafanya kazi nyumbani, kwa mtandao. Nilisomea diploma ya uhasibu, nikaajiriwa kwenye shamba moja la maua upande wa Entebbe, na huko ndiko Waholanzi wanaonunua maua waliponijua. Shamba lilipopunguza watu, kampuni moja ya Uholanzi ikanichukua niwaandikie vitabu vyao vya hesabu. Huu ni mwaka wa nne. Kila mwisho wa mwezi nawapelekea ankara ya yuro 2,900 na wanalipa bila kuchelewa. Uholanzi sijawahi kukanyaga. Bosi wangu namjua sura ya kwenye skrini tu.

Najua hiyo ni pesa nzuri kwa Bombo, kwa hiyo siombi kuonewa huruma. Lakini Shangazi, nimechoka kufanya kazi huku sikio liko kwenye nguzo ya umeme. Na kuna jambo ambalo sijalisahau. Mwaka 2021, kabla sijawapata hawa, nilikuwa na mteja mmoja Mwingereza. Wiki ya uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima. Karibu siku 5 sikuweza hata kumwambia niko hai. Iliporudi nilikuta barua pepe zake zimenisubiri, ya mwisho ikinishukuru kwa ushirikiano wetu.

Binamu yangu ameolewa Valencia, yuko huko miaka mingi. Yeye ndiye aliyeniambia Hispania wana viza ya watu wanaofanya kazi kama yangu, akasema, "Njooni wote." Nikaulizia mjini, nikaelekezwa kwa wakala mmoja Kampala. Ofisi ina kiyoyozi, na ukuta mzima ni picha za watu wamesimama na mabegi uwanja wa ndege. Alinisikiliza kidogo tu akasema kesi yangu ni nyepesi. Anataka shilingi milioni 9 kwa familia nzima. Nimeshampa milioni 2 "za kufungua faili", na pasipoti yangu amebaki nayo, ati ubalozi huita ghafla.

Mpango wake ni huu. Kwanza ataniwekea milioni 60 kwenye akaunti kwa wiki chache ili stetimenti isomeke vizuri, halafu zinarudi kwake pamoja na cha juu. Yeye anaita kunenepesha akaunti. Kisha tutaomba viza ya utalii, mimi, mume wangu na mtoto, tuingie kama watu wa matembezi, tubadilishe makaratasi tukiwa ndani. Anasema sheria ya Hispania inaruhusu. Nilipomuuliza kuhusu barua ya bosi alicheka: "Barua tutaiandika hapa hapa."

Tangu siku ile silali vizuri. Bosi hajui lolote. Naogopa nikimwambia atasema alichukua mtu wa Uganda kwa bei ya Uganda, sasa huyu anataka nini Ulaya. Au ataona nimeanza kumsumbua na makaratasi, atafute mwingine Nairobi. Wa kazi hii ni wengi.

Nyumbani nako kuna lake. Mume wangu ananiunga mkono, ila juzi alisema labda nitangulie mimi, yeye abaki na mtoto mpaka mambo yakae. Mama mkwe alisikia, akasema kwao hajawahi kutokea mke akasafiri akamwacha mume anapika.

Nifuate mpango wa wakala? Bosi nimwambie sasa au nikishafika? Na hili la familia nilifanyeje?

Mama Shamim (si jina langu), Bombo

*

Waaleikum salaam, Mama Shamim.

Tuanze na pasipoti, kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja wiki moja, hiyo haingoji. Kesho nenda Kampala na mumeo, saa za kazi, ukaichukue. Pasipoti ni mali ya Serikali ya Uganda, wewe umekabidhiwa uitumie; wakala hana haki ya kuishikilia, awe anakudai au hakudai. Akianza kukuzungusha, nendeni kituo cha polisi kilicho karibu, mueleze, na msitoke bila kuandikiwa kwenye kitabu cha kituo na kupewa namba ya kumbukumbu. Mara nyingi namba hiyo peke yake hutosha kufungua droo.

Milioni 2 zako zidai siku hiyohiyo, ila zisiwe sababu ya kuiacha pasipoti nyuma. Kama hakukupa risiti, mwandikie leo kwenye simu: nilikupa milioni 2 za kufungua faili, siendelei tena, naomba unirudishie. Akijibu chochote, hata akitukana, umeshapata risiti.

Huenda akakuonyesha leseni ukutani. Isome. Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii hutoa leseni kwa kampuni zinazopeleka watu kufanya kazi nje, kwa waajiri wa huko. Wewe hutafutiwi kazi, unayo. Leseni hiyo, hata ikiwa ya kweli, haimpi uwezo wowote mbele ya ubalozi wa Hispania.

Sasa mpango wenyewe. Huyo bwana hakukudanganya katika kila kitu, ndiyo maana anaaminika. Ni kweli sheria ya Hispania inamruhusu mtu aliye ndani ya nchi kihalali, hata mgeni wa matembezi, kuomba kibali cha kufanya kazi kwa mtandao akiwa hukohuko. Tena kibali cha ndani hutolewa hadi miaka 3, wakati viza ya kupitia ubalozi haizidi mwaka 1 na baadaye unaomba kibali ukiwa huko. Mlango huo wanautumia sana Wamarekani na Waingereza, kwa sababu wao wanaingia bila viza. Wewe mwenye pasipoti ya Uganda lazima kwanza upate viza ya Schengen, ile moja ya matembezi inayotumika nchi nyingi za Ulaya, na kwenye fomu ya viza hiyo unaulizwa unakwenda kufanya nini na utarudi lini. Hapo ndipo atakapokuandikia hoteli ya uongo na tarehe ya kurudi ya uongo, kwa watu watatu, familia nzima inayoondoka pamoja na kuacha nyumba tupu, na akaunti iliyojaa wiki iliyopita. Afisa wa viza anaona familia kama hiyo kila siku.

Mkikataliwa, ada ya yuro 90 kwa kila mtu mzima hairudi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ombi lililokataliwa hukaa miaka 5 kwenye mfumo wa pamoja wa viza unaosomwa na nchi zote za Schengen. Siku utakapokuja na ombi lako la kweli, la uongo litakuwa limetangulia kukaa mezani.

Na kunenepesha akaunti? Mwanangu, wewe ni mhasibu. Ukikuta kwenye vitabu vya Waholanzi wako milioni 60 zimeingia Jumatatu hazina ankara, wiki ya tatu zimetoka zote kwa mtu yuleyule, utapitisha? Viza hii haitazami rundo. Inatazama pesa inayokuja kila mwezi kutoka kwa mteja uleule, ikilingana na ankara na mkataba. Kitu hicho unacho. Anataka kukuuzia uongo wa kufunika ukweli ulio mzuri kuliko huo uongo.

Barua ya kughushi ndiyo mbaya kuliko yote, na inatuleta kwa bosi.

Katika ombi hili, kampuni inayokulipa ni shahidi wako mkuu. Hispania inataka ushahidi kwamba umefanya nayo kazi angalau miezi 3, kwamba kampuni yenyewe imekuwepo na inafanya shughuli kwa angalau mwaka 1, na kwamba imekubali kazi hii ifanyike kutoka Hispania. Hayo hayaandikwi na mtu mwingine. Ubalozi ukitaka kuhakikisha, utaandika Uholanzi, na bosi wako atajua habari za safari yako kutoka kwa ofisa wa ubalozi, pamoja na barua yenye jina lake ambayo hakuiandika. Hapo viza imekwenda, na kazi imekwenda nayo. Kwa hiyo swali lako la kumwambia sasa au ukishafika halipo. Bila yeye hakuna ombi.

Hofu yako ya "bei ya Uganda" naielewa, lakini itazame kwa upande wake. Miaka 4 unamfungia vitabu. Anayejua kwa nini mteja fulani hulipa mara mbili kila Februari ni wewe, si mtu wa Nairobi ambaye hajamwona. Kinachomtisha mwajiri wa Ulaya anaposikia mfanyakazi anahamia nchi nyingine ya Ulaya ni kodi na hifadhi ya jamii: kwamba ataambiwa ajiandikishe Hispania kama mwajiri. Kwako wewe jibu lipo. Si mwajiriwa wake, unamwandikia ankara. Uganda haina mkataba wa hifadhi ya jamii na Hispania, kwa hiyo michango ya Uganda haitakusaidia huko. Utajiandikisha mwenyewe kwenye mfumo wao wa watu wanaojiajiri, na michango utailipa wewe. Anayeanza hulipa kiasi kilichopunguzwa, yuro 80 hivi kwa mwezi katika mwaka wa kwanza, halafu kinapanda kulingana na kipato. Mpelekee jibu hilo kabla hajauliza swali, utaona bega lake linashuka.

Usimwandikie barua pepe ndefu. Omba dakika 20 za kuzungumza, siku ambayo ripoti ya robo mwaka imeshaondoka. Mwambie unafikiria kuhamia Hispania kwa viza ya wanaofanya kazi kwa mtandao, kazi inabaki ileile, bei ileile, ankara ileile. Saa zake na zako zitakuwa sawa, maana Valencia na Amsterdam ziko kwenye saa moja. Michango na kodi ya huko ni juu yako. Unachomwomba ni barua moja na nakala moja. Barua iseme umeanza lini, unafanya kazi gani, unalipwa kiasi gani kwa mwezi, mkataba unaendelea hadi lini, na kwamba kampuni inaridhia ufanye kazi ukiwa Hispania. Nakala ni ile ya usajili wa kampuni kutoka KvK, daftari la biashara la Uholanzi. Yeye anaipata kwa dakika chache. Siku hiyo usichanganye na ombi la nyongeza. Nyongeza utaihitaji, nitakwambia kwa nini, lakini ni mazungumzo ya siku nyingine.

Akikataa? Basi umejua, na hujauza kitu. Bado una kazi, bado una pasipoti, na milioni 7 zilizobaki hazijatoka mfukoni.

Sasa hesabu, kwa sababu binamu yako anakupenda lakini "njooni wote" yake haikupigiwa hesabu.

Hispania inataka mwombaji awe na kipato cha mara mbili ya kima chao cha chini cha mshahara. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa yuro 1,184, nacho hulipwa mara 14 kwa mwaka, kwa hiyo kikigawanywa kwa miezi 12 kinakuwa kama 1,381. Mara mbili yake ni yuro 2,763 kwa mwezi. Wewe una 2,900. Umepita kwa yuro 137. Kima hicho huwa kinapandishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo tazama cha mwaka utakaoomba, na sasa unajua nyongeza ni ya nini.

Hiyo ni yako peke yako. Mtu wa kwanza wa familia anaongeza asilimia 75 ya kima, yaani yuro 1,036, na kila anayefuata asilimia 25, yuro 345. Ninyi watatu mnahitaji karibu yuro 4,144 kwa mwezi. Hata ukimchukua mtoto peke yake, yeye ndiye atakayehesabiwa wa kwanza, na inakuwa 3,799. Kwa pesa ya leo, Mama Shamim, anayeweza kwenda ni mmoja. Mumeo aliposema utangulie, sijui kama alipiga hesabu au alisema tu, lakini namba ziko upande wake.

Sheria inaruhusu familia iombe pamoja na wewe au ifuate baadaye, na mume akipata kibali kupitia kwako anaruhusiwa kufanya kazi. Kufuata baadaye hakuondoi sharti la kipato. Ni lazima uwe umefika kwenye kiasi chao siku watakapoomba. Kwako njia ni mteja wa pili. Kipato cha wateja kadhaa wa nje kinajumlishwa, ilimradi kila mmoja ana mkataba na ankara, na hata wateja wa Hispania wenyewe unaruhusiwa, wasizidi asilimia 20 ya kazi yako. Mashamba ya maua na wanunuzi wake ni ulimwengu mdogo. Anza kuulizia ukiwa bado Bombo.

Kama wazo la kwenda peke yako halikai moyoni, itazame Italia kabla hujaamua. Nao wana viza ya namna hii tangu Aprili 2024, kiwango chao cha kipato kiko kwenye yuro 25,000 hivi kwa mwaka, nawe unapata 34,800, na ubalozi wao uko hapahapa Kampala. Ugumu wake ni mwingine: wanataka ujuzi wa juu, kwa shahada au kwa miaka 5 ya uzoefu wa kiwango hicho inayothibitika kwa makaratasi, na mahali pa kuishi pawe pameshapatikana. Diploma yako peke yake haitakubeba, ila miaka ya shambani ukijumlisha na ya Waholanzi huenda ikakubeba. Nenda ukaulize mwenyewe, kwa miguu yako, bila wakala. Hispania kwa upande huo ni nyepesi: shahada, au miaka 3 ya uzoefu wa kazi hiyohiyo. Ureno usihangaike nayo sasa. Wanataka mara nne ya kima chao cha chini, yuro 3,480 kwa mwaka 2025.

Ombi la Hispania kwa mkaaji wa Uganda linapitia ubalozi wao Nairobi, si Kampala. Basi la usiku unalijua. Lakini usipande kabla makaratasi hayajaiva, na kuiva kwake kunachukua muda kwa sababu moja ambayo wakala hakukutajia: Uganda haimo kwenye mkataba wa Hague wa apostili, ule muhuri mmoja unaokubaliwa nchi zote zilizomo. Kila hati ya serikali yetu lazima ithibitishwe kwanza Wizara ya Mambo ya Nje Kampala, kisha ubalozi wa Hispania nao uithibitishe, na isiyo ya Kihispania itafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa, wale walio kwenye orodha ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Hispania. Tafsiri ya rafiki wa binamu haipokelewi.

Cheti cha mwenendo mwema kinatoka Interpol ya polisi wetu Kampala, na kwa kuwa hukuishi nje miaka hii, cha Uganda kinatosha. Kichukue mwishoni, kwa sababu balozi hazipendi cha zamani. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kitoke NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho. Ile kadi ya kliniki aliyozaliwa nayo haihesabiki. Luweero wana ofisi, huna haja ya kupanga foleni Kololo. Barua ya shamba la Entebbe ya miaka uliyofanya kazi iombe sasa, wakati bado yuko mtu pale anayekukumbuka.

Na ndoa. Hukusema, lakini nakisia mlifunga nikahi, sheikh akaandika, na karatasi iko kwenye sanduku la mama yako. Itoe. Ulizeni msikiti uliofungisha kama ndoa ilipelekwa kusajiliwa URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa. Mara nyingi jibu ni kimya. Kama haikufika huko, ubalozi hautaiona, na siku utakapotaka kumleta mumeo, mbele ya Hispania atakuwa mwanamume unayemfahamu. Hili lifanyeni hata kama hakuna anayekwenda popote.

Stetimenti ndiyo inayoniumiza kichwa kwako kuliko hati zote. Hukueleza pesa yako inapita wapi, lakini nawajua wenzako: ya Uholanzi inaingia kwenye akaunti ya mtandaoni, kipande kinatolewa kwa simu, kipande kinakwenda moja kwa moja kwa msambazaji wa duka la mume, kinachobaki ndicho kinachoonekana benki. Anayesoma stetimenti ya namna hiyo anaona mwanamke anayepata yuro 1,300. Kuanzia mwezi huu, 2,900 iingie nzima kwenye akaunti moja yenye jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ileile, halafu uitoe upendavyo. Usiombe kabla ya miezi 6 ya stetimenti safi. Ankara, mkataba na benki vikisema namba moja, nusu ya ombi imekwisha.

Bima ya afya iwe ya kampuni iliyoruhusiwa kufanya kazi Hispania, ya kutibiwa bila wewe kuchangia kila unapomwona daktari. Ile ya watalii ya siku 90 ni nyingine.

Kuhusu URA, mamlaka yetu ya kodi, najua unataka nilipite. Silipiti. Anayeishi Uganda anatozwa kodi kwa kipato chake chote, hata kinachotoka Uholanzi. Kama una TIN, namba ya mlipakodi, lakini hujawahi kujaza hesabu za mwaka, kaa na mhasibu mwenzako uzijaze kwa hiari yako kabla hujaulizwa. Mwaka wetu wa kodi unaishia Juni 30 na hesabu hupelekwa kabla ya Desemba 31. Ukihamia, ukipitisha siku 183 za mwaka Hispania, kodi yako itakuwa huko. Usikubali kudaiwa na nchi mbili huku huna karatasi ya hata moja. Na ukiondoka, NSSF, mfuko wetu wa akiba ya uzeeni, unaweza kuendelea kuweka kwa hiari. Usilifunge jambo la uzeeni kwa sababu umepanda ndege.

Umeniambia pia sababu yako, nami nimeisikia: umeme na zile siku za 2021. Ikiwa hilo ndilo lote, kumbuka kwamba kwa kitambulisho cha taifa tu wewe na mumeo mnavuka Busia, mtoto akiwa na hati yake, na mgeni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa miezi 6 Kenya, bila mtu kuuliza mara mbili ya kima cha chini. Wiki za uchaguzi zikikaribia, chumba cha kupanga upande ule ni bei ya siku 2 za kazi yako. Sisemi usiende Valencia. Nasema Valencia isiwe jibu la swali ambalo Busia inalijibu. Kama unaitaka kwa sababu nyingine, shule ya mtoto, maisha, kuona tu dunia, hizo nazo ni sababu halali. Ziseme kwa sauti mbele ya mumeo ili mpange kwa jambo lililo kweli.

Mpange nini, basi? Muda, kwanza kabisa. Kutangulia bila tarehe ndiko kunakovunja nyumba. Kubalianeni mwaka 1 wa viza, mteja wa pili apatikane ndani ya miezi kadhaa mnayoitaja, na mteja huyo asipopatikana unarudi, huongezi. Nani anamlea Shamim siku ambazo mumeo analala Kikuubo? Swali hilo lijibiwe kwa jina la mtu, si kwa "tutaona".

Mama mkwe akiuliza nani atapika, nyamaza, mwache mwanawe amjibu. Ni mama yake.